Kufuli la Kamusi

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya kufuli. Si kufuli la mlango wala la baiskeli, ni kufuli la data. Usikimbie ukidhani nimeanza kufundisha kompyuta! Mimi ni mwandishi wa habari tu. Lakini nimeng'ang'ania hadithi hii kwa wiki kadhaa sasa, na naona nisipoiandika haitaniacha nilale.

Ni hadithi ya mapendekezo yaliyoanza mwaka 2005 miongoni mwa watunga programu wa lugha ya Python. La kwanza likakataliwa. La pili likaja 2012, likakataliwa nalo. Yakaja mengine 2019 na 2025. Yote yanazunguka swali moja: kamusi ikishaandikwa, je, tuwe na njia ya kuifunga ili asitokee mtu wa kuibadilisha?

Swali linaonekana dogo. Mbona watu wenye akili zao wabishane miaka ishirini juu ya kufuli? Nilipoyasoma majibizano yao niligundua kwamba ugomvi wenyewe hauko kwenye kufuli. Uko kwenye swali la pili ambalo hata sisi tusio watunga programu tunalo kila siku, kuanzia daftari la michango ya harusi hadi rejista za serikali: unamfungia nani? Mwenzako anayeweza kuteleza, au mwizi?

KAMUSI GANI HIYO?

Kwa watunga programu, kamusi si lazima iwe ya maneno. Ni orodha yoyote ya vitu viwili viwili: huku kidahizo, kule maelezo yake. Daftari la mkopo la Mangi wa mtaani kwako ni kamusi. Mama Asha, 3,500. Baba Juma, 12,000. Majina yaliyomo kwenye simu yako ni kamusi pia. Unataja kidahizo, unapewa maelezo papo hapo bila kupekua orodha nzima.

Hiyo "papo hapo" ina historia. Januari 1953, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi IBM, Hans Peter Luhn, aliandika waraka wa ndani wa kampuni akieleza njia ya kupanga taarifa. Badala ya kukitafuta kidahizo, kifanyie hesabu, na jibu la hesabu likuambie taarifa imewekwa kwenye fungu lipi. Yaani hutafuti mahali, unapakokotoa. Njia hiyo leo inaitwa heshi, na ndiyo inayoendesha kamusi za lugha nyingi za kompyuta.

Luhn huyo huyo alituachia kitu kingine ambacho huenda kiko mfukoni mwako sasa hivi. Mwaka 1954 aliomba hataza ya njia ya kukagua namba, akapewa 1960. Tarakimu ya mwisho ya namba inakokotolewa kutoka kwa zile zilizotangulia, hivyo ukikosea kuandika tarakimu moja, hesabu inagoma. Kadi za benki zinaitumia. IMEI ya simu inaitumia pia. Mnakumbuka mwaka 2016, TCRA ilipozima simu bandia, jinsi kila mtu alivyokuwa anabonyeza *#06# kuangalia namba ya simu yake? Tarakimu ya kumi na tano, ile ya mwisho, ni kazi ya Luhn.

Sasa angalia jambo moja. Tarakimu ile inamzuia anayekosea. Haimzuii mwizi hata kidogo! Kanuni yake haina siri, kwa hiyo mwizi anaweza kutunga namba ya uongo, akakokotoa tarakimu ya mwisho mwenyewe, na hesabu ikakubali. Huo si udhaifu wa kazi ya Luhn, kwa sababu hakuitengeneza kwa ajili ya wezi. Aliitengeneza kwa ajili ya makarani. Liweke hilo akilini, tutarudi kwake.

SOTE NI WATU WAZIMA

Desemba 1989, wakati wa likizo ya Krismasi, Mholanzi Guido van Rossum alianza kutunga lugha mpya ya kompyuta. Alikuwa akifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti ya CWI, Amsterdam. Februari 1991 akaitoa kwa umma. Akaiita Python, si kwa sababu ya chatu, bali kwa sababu ya kikundi cha vichekesho cha Uingereza, Monty Python.

Kamusi ndiyo moyo wa lugha hiyo. Hata majina anayoyatunga mtunga programu, Python inayatunza ndani ya kamusi. Ukiandika kwenye programu yako kwamba bei ni 500, Python inafungua kamusi yake ya ndani na kuandika: kidahizo "bei", maelezo 500. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuibadilisha kamusi ile anaweza kubadilisha maana ya maneno yenyewe ya programu.

Sheria moja haina mjadala: kidahizo lazima kiwe kitu kisichobadilika. Sababu inatokana na hesabu ile ya Luhn. Mahali pa kuweka taarifa panakokotolewa kutoka kwenye kidahizo. Kidahizo kikibadilika baada ya taarifa kuwekwa, hesabu itakupeleka kwenye fungu jingine. Taarifa bado ipo, lakini hutaiona tena. Ni kama kitabu kilichopangwa maktaba kwa jina la mwandishi, kisha mtu akabandika jina jingine kwenye jalada bila kukihamisha rafu.

Basi kidahizo kimefungwa. Lakini maelezo? Wazi. Kuongeza vidahizo vipya? Ruksa. Kufuta? Ruksa. Ukimpa mwenzako kamusi yako aisome, umempa pia kalamu.

Hii haikuwa bahati mbaya. Wana Python wana usemi wao wa siku nyingi kwamba sote hapa ni watu wazima tulioridhiana. Lugha haikuwekei askari kwenye kila mlango. Ukitaka kuingia chumba ambacho mwenyewe hakutaka uingie, ingia, ila ukivunja sahani usimtafute mchawi.

Hata hivyo vitu vingine vilipewa pacha aliyefungwa. Orodha ya kawaida ilikuwa na pacha wake asiyebadilika tangu zamani. Seti ikapata wake katika Python 2.4 ya Novemba 2004, akaitwa frozenset, yaani seti iliyogandishwa. Kamusi ikabaki peke yake. Aprili 2005 Barry Warsaw, mmoja wa wakongwe wa Python, akaandika pendekezo la kuwa na utaratibu mmoja wa kugandisha kitu chochote, kamusi ikiwemo. Lilikuwa pendekezo namba 351. Likakataliwa.

GEREZA LA VICTOR STINNER

Hapa ndipo anapoingia Mfaransa, Victor Stinner, mmoja wa watunzaji wa Python. Alikuwa na mradi aliouita pysandbox. Lengo lake lilikuwa zuri: mtu usiyemjua akuletee programu yake, wewe uiendeshe kwenye kompyuta yako, na isiweze kudhuru chochote. Ajengewe kama gereza ndani ya Python yenyewe, afanye hesabu zake humo humo, asiguse mafaili yako.

Wengine walishajaribu kabla yake. Python iliwahi kuwa na gereza lake rasmi, likiitwa rexec. Mwaka 2003, toleo la 2.3 lilipotoka, lilizimwa kwa sababu kuta zake zilikuwa na matundu mengi. Mwaka 2008 likaondolewa kabisa katika toleo la 3.0.

Stinner alijua tundu moja liko wapi: kwenye kamusi. Kumbuka, majina mengi ya Python yanakaa ndani ya kamusi, pamoja na amri za msingi. Mfungwa akiipata kamusi ya amri za msingi na akaweza kuiandika, anaweza kuipa amri maana anayoitaka yeye. Gereza gani hilo ambalo mfungwa anaandika sheria za askari?

Tarehe 29 Februari 2012 Stinner akaandika pendekezo namba 416. Aliomba kitu kimoja: frozendict, kamusi iliyogandishwa.

Van Rossum, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, alikataa. Nimeyasoma maelezo yake na lazima nikiri ni ya mtu aliyefikiri. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba wanaotumia vitu vya aina hiyo ni wachache, na wengi wao wanavitumia kama alama tu ya kusema "tafadhali usiguse". Alisema kazi kadhaa zinazotumia kamusi moja kwa wakati mmoja zinaweza kukubaliana kutoibadilisha, hakuna haja kubwa ya kuzilazimisha. Na kuhusu gereza, alisema wengi hawalipendi wazo hilo kwa sababu ni vigumu mno kuthibitisha kwamba gereza ni salama.

Lakini aliacha kifuta jasho. Ndani ya Python kulikuwa tayari na kitu cha kuitazama kamusi bila kuiandika. Akakubali kitolewe nje kitumiwe na wote. Septemba 2012 kikatoka na Python 3.3 kwa jina la MappingProxyType.

Kitu hicho kinahitaji uangalifu, kwa sababu kinadanganya macho. Ni dirisha, si sanduku. Uliyepewa dirisha unaiona kamusi lakini huwezi kuigusa. Aliyebaki ndani na kamusi yenyewe bado ana kalamu yake. Anaweza kuandika, na wewe dirishani utaona maandishi yanabadilika. Java nayo ilikuwa na dirisha la namna hiyo tangu 1998, na wengi walilidhania sanduku.

Stinner akaendelea na gereza lake bila frozendict. Novemba 2013 akaandika mwenyewe, hadharani, kwamba baada ya miaka mitatu ya kazi ameamini mradi umevunjika kutoka kwenye msingi wake. Kila tundu lililozibwa lilifuatiwa na jingine. Wafungwa walikuwa na njia nyingi mno za kuzifikia kamusi za ndani, na ukizifunga zote, Python inayobaki haifai kwa kazi yoyote ya maana. Ushauri wake: usijenge gereza ndani ya Python, iweke Python nzima ndani ya gereza, ulindwe na mfumo wa kompyuta wenyewe.

Nilimheshimu sana hapo. Ni wangapi kwetu wanaosimama na kusema mradi wangu umeshindwa, na sababu ni hizi?

BASI KUFULI HALINA MAANA?

Ukiishia hapo utasema mzee van Rossum alishinda. Subiri kwanza.

Twende kwa jirani, JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za intaneti. Brendan Eich aliitunga toleo la kwanza kwa siku 10 mwezi Mei 1995. Humo, karibu kila kitu ni kamusi ya aina fulani, na kamusi hizo zina babu mmoja wa pamoja. Ukiuliza kidahizo na kamusi haina, inamuuliza babu. Utaratibu mzuri, ila babu naye ni kamusi iliyo wazi.

Mwaka 2018 mtafiti Olivier Arteau alionyesha kwa kina hatari iliyomo. Programu nyingi huchukua data zilizotumwa na mtu wa nje na kuzichanganya na kamusi zao. Mtu huyo akiingiza kidahizo maalumu, __proto__, mchanganyiko unapita juu ya kamusi na kwenda kuandika kwa babu. Kuanzia hapo KILA kamusi ndani ya programu ina maelezo ambayo hakuna aliyeyaweka. Mathalani, programu inayouliza "huyu ni msimamizi?" inaweza kumuuliza babu, na babu akajibu "ndiyo" kwa kila mtu.

Hili halikuwa jambo la vitabuni tu. Aprili 2019 jQuery, maktaba ya programu iliyotumika kwenye tovuti zisizohesabika, ilitoa toleo la 3.4.0 likiwa na dawa ya tatizo hili. Julai mwaka huo huo lodash, maktaba nyingine maarufu, nayo ikatoa dawa yake.

Na kufuli lilikuwapo! JavaScript ilipata amri ya kugandisha, Object.freeze, tangu Desemba 2009. Lakini kufuli lisilofungwa ni pambo tu. Tena kufuli lile ni la juu juu. Ukigandisha kamusi ambayo ndani yake kuna kamusi nyingine, ile ya ndani inabaki wazi. Ni sawa na kulifunga kabati ili asitokee wa kuondoa daftari, huku daftari lenyewe likiandikika kupitia kwenye upenyo. Dawa ya jQuery wala haikuwa kufuli. Ilikuwa kuwakagua wageni mlangoni: kidahizo kile kikija, kirukwe.

Kwa hiyo mwizi anahitaji mlinzi mlangoni na ukuta wa nje. Kufuli la kamusi halimtoshi. Je, nani basi linamtosha?

KARANI WA LUHN

Katika chumba kimoja cha habari nilichopitia, kulikuwa na faili moja la majina ya mikoa, wilaya na kata, tuliloandikiana ili sote tuandike majina kwa namna moja. Kila mtu aliweza kulisoma, na kila mtu aliweza kuliandika. Siku moja Ilemela ikawa Ilamela. Hakuna aliyejua ni nani. Wala hakukuwa na hila, mtu alikuwa anatafuta kitu, kidole kikateleza, akahifadhi. Ilipogunduliwa, jina lilikuwa limeshatoka gazetini likiwa limekosewa, na waliolinakili walikuwa watu makini waliofuata utaratibu.

Faili lile halikuhitaji gereza. Lilihitaji kitu cha kumwambia mwenzetu, wakati ule ule kidole kinateleza: hapa pamefungwa, una uhakika? Hiyo ndiyo kazi ya tarakimu ya Luhn. Inamlinda mtu mwema dhidi ya mkono wake mwenyewe.

Na ndiyo hoja iliyomrudisha frozendict mezani. Katikati hapo watu walishaendelea na fikra nyingine: usiibadilishe kamusi, tengeneza toleo jipya linalotumia sehemu kubwa ya lile la zamani. Phil Bagwell alichapisha muundo wake wa heshi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Rich Hickey akaugeuza kuwa njia ya kufanya hivyo bila kunakili kila kitu, akaifanya uti wa mgongo wa lugha yake ya Clojure, iliyotoka 2007. Python yenyewe ikaichukua ndani kwa ndani katika toleo la 3.7 la 2018. Septemba 2019 Yury Selivanov akapendekeza, kwa namba 603, itolewe nje itumiwe na wote.

Kisha Oktoba 2024 ikatoka Python 3.13 ikiwa na jaribio la kuruhusu kazi nyingi kwenda sambamba kikweli ndani ya programu moja. Mwaka 2012 van Rossum alisema kazi hizo zikubaliane tu. Lakini makubaliano ya watu wanne mezani si makubaliano ya watu mia wanaoshika kalamu kwa pamoja.

Novemba 2025 likaja pendekezo namba 814, la frozendict. Waandishi wake ni Donghee Na na, naam, Victor Stinner yule yule, karibu miaka kumi na minne baada ya kukataliwa. Safari hii hakuja kuomba tofali la gereza. Alikuja na hoja ya kuzuia mabadiliko yasiyokusudiwa, na ya kamusi moja kutumiwa na kazi nyingi bila hofu. Kufuli ni lile lile. Kilichobadilika ni jibu la "unamfungia nani?"

SISI JE?

Siku hizi kila ofisi inatuambia data zake ziko kwenye mfumo na haziwezi kubadilishwa. Vitambulisho, hati za viwanja, matokeo ya mitihani. Sisi waandishi tunaandika sentensi hiyo kama tulivyoambiwa, nukta. Nadhani hadithi ya frozendict inatupa maswali matatu ya kumuuliza afisa kabla ya kufunga daftari letu.

Kwanza: haziwezi kubadilishwa na nani? Na karani anayeteleza, au na mtu mwenye nia mbaya? Kinga ya mmoja si kinga ya mwingine, na anayejibu "wote" bila kueleza huenda hajafikiri.

Pili: kufuli linafika wapi? Jina la mwenye kiwanja limefungwa, sawa. Na ramani iliyoambatishwa ndani?

Tatu: mwananchi amepewa nakala au dirisha? Kama ni dirisha, ndani ya chumba kuna mtu ana kalamu. Muulize ni nani, na akiandika, nani anaona.

Mimi wiki ijayo nina mahojiano na ofisi mojawapo ya hizo. Nitaanza na la tatu.